Bahari Si Adhabu ya Waliofeli

Kila mtoto aliyesoma shule ya pwani, kuanzia Moa mpaka Msimbati, ameisikia sentensi hii: "Usiposoma utaishia baharini." Mwalimu huisema akiwa na chaki mkononi. Mzazi huirudia jioni huku anapara samaki. Na siku ya mahafali huisema mgeni rasmi aliyeletwa na gari la serikali, ukumbi mzima ukapiga makofi, halafu mgeni rasmi huyohuyo akaandaliwa wali wa nazi na changu wa kupaka, akala mpaka akalegeza mkanda. Hapo hakuna anayemuuliza ni nani aliyeishia baharini ili yeye ale.

Naandika kwa hasira na sioni haja ya kuificha. Hii ni nchi yenye pwani ya zaidi ya kilomita 1,400, yenye Unguja, Pemba, Mafia na utitiri wa visiwa vidogo, yenye haki juu ya bahari hadi maili 200 kutoka ufukweni. Nchi hiyohiyo imemaliza zaidi ya miaka 60 ya uhuru bila kumwekea mwanafunzi wa sekondari somo la bahari. Ziko shule ambazo mpira ukipigwa vibaya unaangukia majini, na ndani ya madarasa yake hakuna hata kipindi kimoja kwa wiki kinachohusu maji hayo.

Ninachodai ni kitu kimoja, na nakisema mapema ili asije mtu akanizungusha: Sayansi ya Bahari iwe somo la sekondari. Somo lenye muhtasari wake, kitabu chake, mwalimu wake, vipindi vyake kwenye ratiba, karatasi ya nadharia na karatasi ya vitendo kutoka Baraza la Mitihani, na tahasusi yake kidato cha tano. Mada mbili tatu zilizochomekwa kwenye Biolojia sizitaki. Klabu ya mazingira inayokutana Ijumaa mchana, wakati kila mtu anawaza kwenda nyumbani, siitaki. Katika nchi yetu kisichotahiniwa hakifundishwi. Mwalimu analijua hilo, na mwanafunzi analijua zaidi ya mwalimu.

Chukua daftari la mahudhurio la shule ya kijiji chochote cha wavuvi, uliweke kando ya kalenda ya mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari ni ya bamvua: maji yanajaa kupita kiasi na yanakupwa kupita kiasi. Katika pwani yetu siku hizo maji hufika mwisho wa kukupwa mnamo saa nne asubuhi, ikizidi au kupungua kidogo. Mwamba unabaki wazi, vidimbwi vimejaa visamaki, kinamama wameshatawanyika na vijiti vyao wanachokoa pweza, na mabinti zao wako nao, maana pweza wa asubuhi hiyo ndiye unga wa jioni na ndiye sare ya muhula ujao. Shuleni majina yanaitwa. Kimya. Mwalimu anaandika utoro.

Mtoro huyo mtazameni kwa karibu. Anatembea juu ya mwamba bila kuangalia miguu yake, macho yako mbele, anatafuta tundu lenye magamba ya kaa yaliyorundikana mlangoni, kwa sababu pweza hula ndani na takataka akazitupa nje. Akikuta vijiwe vimevutwa kuziba mlango, anajua mwenyewe yumo. Anaingiza kijiti taratibu, anasubiri kishikwe, anasikilizia nguvu ya mvuto, kisha anaamua kama huyu ni wa kuchukuliwa au bado mdogo. Kazi hiyo ina uchunguzi, ina kumbukumbu, ina uamuzi unaotokana na ushahidi. Kwenye maabara tungeipa alama.

Asichokijua, na ambacho shule ingepaswa kumwambia, ni kwamba pweza jike hutaga mara moja tu maishani mwake, huyalinda mayai bila kula mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Umri wake wote ni kama mwaka na ushei. Hukua upesi kiasi kwamba ukimwacha miezi mitatu tu unakutana na mnyama mwingine kabisa kwa uzito. Kisiwa Panza kule Pemba, na Kizimkazi kule Unguja, wanakijiji wamekuwa wakifunga vipande vya mwamba kwa muda na kuvifungua kwa hesabu hiyohiyo. Hesabu hiyo waliisikia kwa wataalamu waliokuja na mradi. Mimi nauliza kwa nini hawakuisikia shuleni, wakiwa na miaka 15, kabla mradi haujafika na hata baada ya gari la mradi kuondoka.

Na itazameni saa yenyewe. Saa nne asubuhi ndiyo saa ya chai katika shule nyingi. Maumbile yametutengea kipindi cha vitendo mara mbili kwa mwezi, maabara iko wazi, haina kodi wala luku, na sisi tumekigonga muhuri wa utoro.

Sasa tuone waliohudhuria walifundishwa nini. Kwenye jiografia ya kidato cha tano na sita mwanafunzi hukariri aina tatu za miamba ya matumbawe na nadharia za kutokea kwake: ya Darwin, ya Murray, ya Daly. Darwin aliichapisha yake mwaka 1842, na mtahiniwa wetu anaichora hatua kwa hatua, kisiwa kinazama, mwamba unapanda, atoli inabaki, alama zote. Nimekutana na kijana wa namna hiyo, mwenye daraja zuri la jiografia, akashtuka kuambiwa kwamba tumbawe ni mnyama. Yeye alidhani ni jiwe. Na kwa nini asidhani hivyo, wakati kijijini kwao linavunjwa na kuchomwa tanuruni kupata chokaa? Mnyama yule amemkariri kwa herufi kubwa bila kumjua, na nyumba ya kwao imepakwa mifupa yake.

Wenzetu wa Kenya nao walikuwa na lao. Kwa miaka mingi mtahiniwa wa jiografia alitakiwa kulinganisha uvuvi wa Kenya na uvuvi wa Japani. Mtoto wa Gazi akajua Wajapani wana mikondo miwili inayokutana, ana hakika kabisa. Mkondo unaopita mbele ya nyumba yao, unaobeba mayai ya samaki kuelekea kaskazini, hakuna aliyemuuliza.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea alitaka kila shule iwe na shamba au karakana. Pwani tuliipokea amri ile kwa uaminifu wa ajabu: tukalima mihogo kwenye mchanga. Majembe yalipatikana, ngalawa haikupatikana. Somo la Kilimo likakua, likatahiniwa, likapata tahasusi yake ya CBA, na halikumharibu mtu yeyote. Lishe nayo ikapata yake. Mwaka 2024 mtaala mpya ulipoanza, tahasusi zikaongezwa mpaka zikapita 60. Zikaingia za michezo, za sanaa, za lugha hadi Kichina. Sina ugomvi na Kichina. Ila waliokaa mezani kuzipanga tahasusi zaidi ya 60, na nina hakika vikao vilikuwa vingi na chai ilikuwepo, hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa akaiona ramani ya nchi ukutani?

Wakati huohuo kila kongamano linaimba uchumi wa buluu. Tangu mwishoni mwa 2020 Zanzibar ina wizara nzima yenye jina hilo. Bara kuna mipango, mikakati na mabango. Nairobi waliuandalia mkutano wa dunia Novemba 2018. Sasa niambieni, wafanyakazi wa uchumi huo watatoka wapi? Mtoto amefundishwa miaka kumi na mitatu kwamba bahari ni ya waliofeli, kisha siku moja anaitwa ukumbini kuambiwa kwamba bahari ni fursa. Ataona anachezewa, na hatakuwa amekosea.

Mnakumbuka Machi 2009, meli ya Tawariq 1 ilipokamatwa kwenye maji yetu ikiwa na takribani tani 300 za samaki? Nchi nzima ilishangilia, mitaani wakaitwa "samaki wa Magufuli" kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa waziri wa uvuvi. Tulicheka, tukajadili nani atagawiwa, kesi ikaenda mahakamani ikazunguka miaka. Swali lililopaswa kuulizwa halikuulizwa: jodari hao walikuwa wakipita mbele yetu kila mwaka kwa njia ipi, kwa msimu upi, na kwa nini meli za mbali zinaijua njia hiyo kuliko sisi tuliozaliwa kandokando yake? Baada ya kelele kwisha tulirudi kufundisha kama kawaida.

Na Tanga je? Pale Chongoleani ndipo linapoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, meli za mafuta zipakie. Bahari hiyohiyo ya Tanga ina hifadhi iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya silikanti, samaki ambaye wanasayansi waliamini ametoweka tangu zama za dinosaria mpaka alipoonekana Afrika Kusini Desemba 1938. Aliyemwona hakuwa profesa. Alikuwa mwanamke kijana, Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho madogo ya East London, aliyekuwa na mazoea ya kwenda bandarini kuchungulia shehena ya samaki. Alikuwa amejizoeza kutazama, basi akaona. Kwetu silikanti wa kwanza kutambuliwa alinaswa Songo Mnara mwaka 2003, na kuanzia mwaka uliofuata wakaanza kunaswa Tanga kwenye majarife yanayotegwa kina kirefu. Wangapi walikatwa vipande kabla ya hapo, kwa sababu aliyewashika hakuwahi kuambiwa kwamba kuna samaki wa namna hiyo?

Kijana wa Chongoleani ataletewa ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, nene kama tofali. Atasaini karatasi ya mahudhurio, atapewa soda na nauli, atarudi nyumbani. Mafuta yakimwagika wakati wa kusi yanaelekea wapi na wakati wa kaskazi yanaelekea wapi, mikoko ikipakwa mafuta mizizi yake inayochungulia inapumuaje, hayo yatajadiliwa na wageni. Anayekaa pale hana lugha ya kubishana nao, na aliyemnyima lugha hiyo ni shule iliyokuwa na miaka minne ya kumpa.

Lakini kama mnataka kuona ujinga huu unavyoumiza, nendeni kwa wanawake wa mwani. Mwani ulianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, na tangu hapo umebebwa mgongoni na wanawake wa Paje, Jambiani, Bwejuu na vijiji vya Pemba. Unalimwa wa aina mbili. Kotonii ndiyo yenye bei. Spinosamu bei yake ni ya kusikitisha. Kotonii haistahimili joto. Maji ya kina kifupi, yale ambayo mwanamke anaweza kusimama bila kuelea, yamezidi kupata moto, na kuanzia miaka ya 2000 kotonii ikawa inalegea, inatoka mabaka meupe, inakatika kambani na kuondoka na mawimbi. Wakulima wakabaki na spinosamu. Dk. Flower Msuya, mtafiti aliyefanya kazi hiyo kwa miaka mingi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Zanzibar, amekuwa akieleza chanzo na kujaribu pamoja na wakulima njia za kupeleka zao kwenye maji marefu yaliyo baridi zaidi, ndani ya neti zilizoshonwa kama bomba. Njia ipo. Ila maji marefu yanataka mashua na yanataka mtu anayejua kuogelea, na wanawake wengi wa pwani hawakufundishwa kuogelea wala kuendesha mashua. Tangu wakiwa wasichana waliambiwa hayo ni ya wanaume.

Binti wa mkulima huyo yuko kidato cha pili. Amefundishwa usanisinuru kwa kuchora jani la maharage. Amechora vizuri, amepaka kijani, amepata nane ya kumi. Mama yake anajilisha kwa kiumbe wa baharini anayetumia jua lilelile, ndani ya maji ambayo nyuzi joto zake zikipanda kidogo familia inakosa chakula, na hakuna aliyemwonyesha kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja. Angeonyeshwa angekuwa na sababu ya kwenda na kipimajoto pwani. Angerudi na namba. Namba hizo mama yake angezitumia.

Najua hoja zitakazokuja, maana nimezisikia zote.

Watasema nchi ni kubwa, na mwanafunzi wa bara bahari ya nini. Kwanza nani kasema kila mtu asome? Si kila shule ina somo la Kilimo. Pili, mvua inayomfikia huyo wa bara inapikwa wapi? Upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, yaani huku kwetu, unapopata joto kuliko upande wa mashariki, mvua za vuli huzidi kipimo. Wanasayansi waliielezea tabia hiyo mwaka 1999. Ndiyo iliyoshiriki kutumwagia mvua za mwishoni mwa 2019, na za 2023 ikisaidiana na El Niño. Mkulima wa Same na wa Bukoba anaendeshwa na bahari asiyoijua. Mlima Kilimanjaro kila mtoto wa Mtwara ameuchora daftarini bila kuuona, na hakuna aliyesema haumhusu.

Watasema walimu hawapo. Taasisi ya Sayansi za Bahari ipo tangu 1978. Wakala wa mafunzo ya uvuvi una vyuo, Mbegani kikiwa kimojawapo. Wahitimu wapo mitaani, wana vyeti, wengine wanaendesha bodaboda hukohuko Bagamoyo. Wapeni mwaka mmoja wa ualimu muone.

Watasema vifaa ni ghali. Vipi? Ndoo. Kipimajoto. Kamba ya mita 50 yenye fundo kila mita. Mabomba manne ya plastiki yaliyoungwa kuwa mraba wa mita moja, unaulaza juu ya mwamba, unahesabu kila kilichomo ndani yake, unaandika, unarudi bamvua ijayo unaulaza palepale. Kundi la kwanza la wanafunzi litapata orodha tu. Kundi la mwaka wa nne litakuwa na mabadiliko ya miaka minne mkononi, ya mahali pamoja, yaliyoandikwa na watoto wa mahali hapo. Mwaka 1998 joto la bahari lilipopanda matumbawe ya Tutia kule Mafia na ya Misali kule Pemba yalipauka na kufa kwa wingi. Mwaka 2024 joto likarudi. Kati ya miaka hiyo miwili ni watoto wangapi wamepita kwenye shule zinazotazamana na miamba hiyo, na ni daftari ngapi za vipimo walizoacha nyuma yao? Tunasubiri mzungu aje na chombo cha kupimia, halafu tunamwomba atutumie nakala.

Watasema mtoto atazama. Hapa nitanyamaza kidogo kuwaheshimu waliozama. Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama Nungwi usiku, ikienda Pemba na watu waliojazwa kupita uwezo wake. Haikupita hata mwaka ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Tulilia, tukaunda tume, na mtoto wa kisiwani bado anamaliza kidato cha nne bila kufundishwa kuelea. Anayeogopa mtoto asizame amfundishe kuogelea.

Na kuna jambo jingine ambalo wenye hoja hii hawalitaji. Tarehe 26 Desemba 2004, katika ufukwe mmoja wa Phuket, Thailand, mtoto wa Kiingereza wa miaka kumi, Tilly Smith, aliona maji yanatoa povu na kwenda kinyume na kawaida. Wiki mbili tu zilikuwa zimepita tangu mwalimu wake wa jiografia aifundishe tsunami. Akapiga kelele, wazazi wakamsikiliza, watu wapatao mia wakaondolewa ufukweni. Mawimbi hayohayo yalivuka Bahari ya Hindi yakatufikia saa kadhaa baadaye. Kenya waliwatoa watu fukweni, akafa mtu mmoja. Kwetu walikufa watu wasiopungua kumi, wengi wao wakiwa wameingia kuogelea. Mtoto wa Kunduchi anajua saa ya kupwa na saa ya kujaa kuliko Tilly atakavyojua maisha yake yote. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba maji yakitoka kwa saa isiyo yake, kimbia.

Hoja ya kweli haisemwi kwenye vikao. Hoja ya kweli ni aibu. Ofisini mtu anasema "mimi mtoto wa mkulima" akiwa amesimama wima, kwa sababu siasa ilimpa mkulima jina. Mvuvi hakupewa. Mvuvi kwenye maneno ya wakubwa ni mtu wa kilevi, wa kuoa na kuacha, wa kupata leo na kula leo. Wazazi wa pwani wenyewe wameyameza maneno hayo. Mzee ambaye ameilisha familia kwa dema na mshipi miaka arobaini ndiye wa kwanza kusimama kikaoni kusema hataki mwanawe aguse bahari. Simlaumu. Amechoka, chombo chake kimechakaa, samaki wamepungua. Namlaumu aliyemfanya aone kwamba elimu na bahari ni njia mbili zisizokutana.

Wala sitaki mtu anifikirie kwamba nawapamba wavuvi. Baruti tulipiga wenyewe. Kwa miongo mingi, hata baada ya kupigwa marufuku, mlipuko ulisikika Dar es Salaam mchana kweupe mpaka msako mkali wa kuanzia 2016 ulipoupunguza. Mlipuko hupasua kibofu cha hewa cha samaki. Wachache huelea, wengi huzama na kuozea chini, na tumbawe lililokua kwa vizazi linageuka kokoto. Kijana aliyejifunza kulipua alijifunza mtaani, kwa bidii, na wengine walilipa kwa viganja vya mikono. Kokoro linalokwangua nyasi za bahari nalo ni letu. Na elimu ya wazee, pamoja na heshima yote ninayowapa, iliandaliwa kwa ajili ya bahari iliyokuwa inajirudia mwaka hadi mwaka. Bahari ya sasa hairudii. Mzee anasema msimu umechelewa, yuko sahihi, na sababu hana. Kitabu kina sababu ila hakijui msimu ulikuwa unaanza lini. Hao wawili wakutane wapi kama si darasani?

Chumbe wameonyesha kwamba inawezekana. Tangu miaka ya 1990 kisiwa kile kidogo kimekuwa kikiwapokea wanafunzi, wanavalishwa miwani ya kuzamia, wanainamisha uso, na wengi wanaiona bahari ya kwao kwa mara ya kwanza. Ni kazi njema, nawapongeza. Lakini ni siku moja, kisha mtoto anarudi kwenye ratiba isiyo na bahari. Afrika Kusini hawakuishia kwenye ziara: waliokuwa wakiendesha masomo kwenye hifadhi ya viumbe wa majini ya Two Oceans, Cape Town, walisukuma mpaka Sayansi za Bahari ikawa somo rasmi la sekondari, darasa la kumi wakaanza 2020 na watahiniwa wa kwanza wakamaliza 2022. Cambridge wana mtihani wa Sayansi ya Bahari wa ngazi ya kidato cha sita, na wenye fedha wanaweza kuufanya. Kenya wameiweka teknolojia ya bahari na uvuvi kwenye orodha ya masomo ya sekondari ya juu ya mtaala wao mpya. Ikiwa wataisimamia ama itabaki kwenye karatasi, tutaona. Sisi hata karatasi hatuna.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Waziri, na ninyi ndugu zangu wa Taasisi ya Elimu, hamhitaji kujenga hata chumba kimoja ili muanze. Chagueni shule mojamoja Mkinga, Pangani, Bagamoyo, Mafia, Kibiti, Kilwa, Lindi na Mtwara. Wenzenu wa Zanzibar wachague zao Unguja na Pemba. Kila shule ipate mhitimu mmoja wa sayansi za bahari, mvuvi mmoja mzoefu wa kijiji, mwanamume au mwanamke, anayelipwa kwa kipindi kama anavyolipwa mwalimu wa muda, na maboya ya kuokolea yanayotosha darasa. Msichana aogelee na avae anavyotaka kuvaa. Kitabu kiandikwe kwa Kiswahili. Karatasi ya vitendo ipangwe kwa jedwali la maji, maana pwani yote hukupwa karibu saa ileile, na asitokee mtu wa ofisini akaamua iwe Jumatatu saa mbili ya maji mafu, watahiniwa wakatahiniwa kiunoni majini.

Mkiulizwa fedha zitatoka wapi, anzeni na lile fungu la Siku ya Bahari, tarehe 8 Juni, linalonunua fulana, kofia, turubai na spika, ili waheshimiwa waje kuokota chupa tatu za plastiki mbele ya kamera.